Sura ya Sita: Samaki Aliyepita Kwenye Pipa

Mwezi Novemba 2015 kampuni ya bia ya Guinness ilitangaza kwamba kiwanda chake cha St. James's Gate mjini Dublin kitaacha kutumia vibofu vya samaki. Habari hiyo ililengwa kwa wavegani, watu wasiokula wala kutumia kitu chochote kitokacho kwa mnyama, nao waliipokea kwa shangwe. Walioachwa na mshangao ni wanywaji wengine wote. Watu walioinywa stauti hiyo tangu ujana wao ndiyo kwanza walikuwa wanasikia kwamba kulikuwa na samaki wa kuachwa. Ukimuuliza mtu yeyote bia ina nini, atakujibu maji, kimea cha shayiri, hopsi na hamira, na atakuwa hajakosea. Watawala wa Bavaria waliliweka jambo hilo katika sheria mwaka 1516, tena wao walitaja shayiri, hopsi na maji peke yake, hamira wakaiacha. Samaki hayumo katika orodha ya mtu yeyote.

Basi alikuwa akifanya nini pipani?

Bia ikimaliza kuchachuka huwa na ukungu. Seli za hamira zilizokwisha kula sukari ya kimea huelea humo kwa mabilioni, pamoja na chembechembe za protini. Ukiiacha itulie itajisafisha yenyewe, lakini kwa wiki kadhaa, na mwenye kiwanda anahesabu kila siku ambayo tangi lake limekaliwa na bia isiyouzika. Hapo ndipo anapoitwa samaki. Ndani ya miili ya samaki wengi mna kifuko cha hewa kinachowasaidia kupanda na kushuka majini; wavuvi na wachuuzi wa Ziwa Victoria wanakiita bondo. Bondo likikaushwa, likakatwakatwa na kulowekwa katika asidi hafifu, hulainika hadi likawa uji mzito wa kolajeni. Kolajeni hiyo ina chaji chanya, seli za hamira zina chaji hasi. Zikikutana hushikana, huwa mabonge, na mabonge huzama. Kazi ya wiki nyingi inaisha kwa siku chache. Bia safi huvutwa kutoka juu, tope hubaki chini likiwa na hamira na bondo kwa pamoja.

Kinachofika kwenye glasi ni bia isiyo na samaki wa kuonekana, wa kunusika wala wa kuonjeka. Samaki alifanya kazi yake akaondoka, na ugumu wote wa sura hii umo katika kuondoka huko.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Bondo lililosifika zaidi lilitoka Urusi, kwa samaki mkubwa aitwaye stajeni, yule ambaye mayai yake huuzwa kama kaviari, na lilikuwa ghali. Mwaka 1795 Mskoti William Murdoch, fundi anayekumbukwa zaidi kwa taa za gesi, alionyesha kwamba chewa wa bahari za kaskazini angeweza kufanya kazi ile ile kwa gharama ndogo. Watengenezaji bia wa London wakamlipa pauni 2,000 ili waitumie mbinu yake. Kwa thamani ya pesa ya wakati ule, huo ulikuwa utajiri. Watu hawalipi kiasi hicho kwa ajili ya jambo dogo. Uangavu wa bia ulikuwa umekwisha kuwa biashara.

Karne iliyofuata ndiyo iliyoukomaza. Mwaka 1842, katika mji wa Plzeň ulioko Jamhuri ya Cheki ya leo, Josef Groll alipika bia ya rangi ya dhahabu unayoweza kuona upande wa pili ukiitazama. Ndiyo pilsna, na laga nyingi tunazokunywa leo kutoka Mombasa hadi Bujumbura ni wajukuu zake. Wakati huohuo glasi za kunywea zilikuwa zikishuka bei na kuchukua nafasi ya vikombe vya bati na vya udongo. Mnywaji aliyekuwa akihukumu bia kwa ulimi sasa akaanza kuihukumu kwa jicho, na jicho likadai usafi ambao ulimi haukuwahi kuuomba. Kinachonichekesha ni kwamba stauti ya Guinness ni nyeusi kiasi kwamba hata ukiiinua kwenye dirisha lenye jua hutaona ukungu wowote. Samaki wote wale walizamisha hamira katika kinywaji ambacho hakuna awezaye kuona ndani yake.

Pombe zetu za kienyeji hazikuwahi kupata shida hiyo. Mbege ya Uchagani hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizopikwa, kimea cha ulezi na maji yaliyoloweshwa magome ya msesewe yanayoipa uchungu. Huchujwa, hunywewa nzito, na mtu akikuletea mbege angavu utashuku kwamba ameongeza maji. Rubisi ya Bukoba huanza kwa ndizi zinazokanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao, kisha hutiwa mtama. Busaa ya magharibi mwa Kenya ni mahindi na wimbi, na ukungu wake ndio chakula chake. Urwagwa wa Rwanda na Burundi, ulanzi wa Iringa unaogemwa kwenye mianzi, mnazi wa pwani: yote ni mimea mwanzo hadi mwisho, ukiondoa nyuki mmoja mmoja aliyejiangusha mwenyewe katika kibuyu cha mgema. Mvegani kutoka London akiketi kilabuni Moshi vijijini anaweza kunywa kwa amani zaidi kuliko alivyokunywa kwao.

Lakini asihamie kila kilabu. Wanzuki hutengenezwa kwa asali. Muratina ya Wakikuyu, inayochachushwa kwa matunda makavu ya mwegea, kwa asili yake hutiwa asali pia, ingawa wapo wanaotumia maji ya miwa. Mvegani hali asali, kwa hoja kwamba nyuki hakuitengeneza kwa ajili yetu na urinaji huvuruga mzinga. Kwa hiyo kinywaji kinachoonekana cha asili kabisa, kisichopita kiwandani wala kuguswa na mtu mwenye koti jeupe, kinaanguka mtihani ambao laga ya kiwandani inaweza kuufaulu. Tumezoea kudhani kwamba kadiri kitu kinavyokuwa cha kijijini ndivyo kinavyokaribia mmea. Sivyo.

Turudi ziwani, kwa sababu hapo kuna hoja ambayo watetezi wa bondo huipenda. Wanasema bondo ni taka. Samaki amekwisha kuvuliwa kwa ajili ya minofu. Je, ni bora kulitupa? Hoja hiyo ingeweza kusikilizwa zamani. Sangara, samaki mkubwa aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ana bondo nene na zito. Baadhi ya mabondo yake yaliuzwa Ulaya kwa ajili ya kusafishia bia na mvinyo, lakini mnunuzi mkubwa akawa Hong Kong na China, ambako huliwa kama supu ya heshima, chakula cha arusi na cha wageni. Leo bei ya kilo ya bondo kavu ni mara nyingi ya ile ya kilo ya minofu. Nenda mwalo wowote wa Mwanza au Kisumu uwaulize wachuuzi ni sehemu gani ya sangara wanayoilinda kwa macho yote mawili. Hawatakuonyesha minofu.

Kitu kinachouzwa ghali kuliko nyama yenyewe hakiwezi kuitwa taka. Anayenunua bondo anamchangia mvuvi mafuta ya kesho ya mashine ya boti yake. Ni haki kuongeza kwamba bia si mkosaji mkuu katika hili: bondo linalotosha lita 100 za bia ni gramu chache, na mwenye supu anakula zaidi ya hapo kwa bakuli moja. Hata hivyo mvegani hapimi kwa gramu. Anauliza kama mnyama alitumika, na hapa alitumika.

Hapo ndipo yanapotengana makundi mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. Mwaka 1944 Mwingereza Donald Watson na wenzake wachache waliunda Jumuiya ya Wavegani. Swali lao lilikuwa la maadili, na walilipeleka mbali kuliko sahani: viatu vya ngozi, sweta za sufu, sabuni ya mafuta ya ng'ombe, vyote vimo. Jumuiya hiyo husema mtu aepuke kuwatumia wanyama kwa kadiri inavyowezekana na kutekelezeka, na maneno hayo ya mwisho tutayahitaji baadaye. Kundi la pili lina mizizi katika maabara. T. Colin Campbell, mtaalamu wa lishe wa Chuo Kikuu cha Cornell, alianza miaka ya 1980 kuzungumzia ulaji wa mimea kwa makusudi ya kuongelea afya bila kuingia katika maadili. Huyu anajali kinachoingia mwilini: nafaka, kunde, matunda, mboga za majani.

Ukiwapa watu hawa wawili Guinness ya mwaka 2014, watakujibu majibu tofauti na wote watakuwa wa kweli. Kwa mla mimea, ile ni bia ya shayiri, na samaki haingii mwilini mwake. Kama ataikataa, ataikataa kwa sababu ni pombe. Kwa mvegani, ile ni bidhaa iliyosafishwa kwa kiungo cha mnyama, basi. Na mambo hugeuka pia upande wa pili. Chipsi zilizokaangwa kwa mafuta ya alizeti zikishushiwa na soda ni mlo wa kivegani usio na doa, na mtu wa kundi la Campbell atashika kichwa. Mimi naona nusu ya ugomvi wa mezani kuhusu vyakula hivi ungekwisha kama watu wangetaja kwanza ni swali lipi kati ya haya mawili wanalolijibu.

Sheria, kwa upande wake, inajibu swali la kinachoingia mwilini tu, na hata hilo inalijibu nusu. Kanuni za kimataifa za chakula ziitwazo Codex, ambazo viwango vya nchi nyingi vimejengwa juu yake, zinataka viambato viorodheshwe kwenye lebo, lakini husamehe visaidizi vya uchakataji, yaani vitu vinavyotumika kiwandani bila kukusudiwa kubaki katika chakula. Bondo ni kisaidizi. Ulaya imekwenda hatua moja mbele na hatua moja nyuma. Vinywaji vyenye kilevi cha zaidi ya asilimia 1.2 havikulazimika kabisa kutoa orodha ya viambato hadi mwaka 2023, mvinyo ulipoanza kulazimika; bia bado imesamehewa. Samaki ni mojawapo ya vizio ambavyo lazima vitajwe kwa ajili ya watu wenye mzio, lakini sheria hiyohiyo inamwachia huru samaki akiwa bondo la kusafishia bia au mvinyo. Mayai na maziwa hayakupata msamaha huo: tangu mwaka 2012 mvinyo wa Ulaya uliosafishwa kwa ute wa yai au kwa kaseini ya maziwa, ikiwa masalia yake yanapimika, unatakiwa kusema hivyo. Mvinyo una uchaguzi wa namna hiyo pamoja na gelatini, na una wa udongo pia, uitwao bentonaiti, ambao haumuudhi mtu.

Bia nayo ina njia zisizo na mnyama, na viwanda vingi vya laga vimekwisha kuzifuata, kwa sababu za kibiashara zaidi kuliko za huruma. Mashine ya kuzungusha kwa kasi hutenganisha hamira bila kuhitaji chochote. Njia nyingine ni kuchuja kwa dayatomaiti, unga mweupe mwepesi wa mabaki ya viumbe vidogo vya jamii ya mwani vilivyokufa na kujikusanya chini ya maziwa ya kale. Msafiri wa barabara ya Nairobi kwenda Nakuru akishaipita Gilgil anapita karibu na Kariandusi, ambako unga huo umechimbwa kwa miongo mingi katika miamba myeupe inayoonekana kama chokaa. Wanaopika bia pia hutupa mwani mkavu katika sufuria dakika za mwisho za kuchemsha ili ukamate protini; kinachofanya kazi humo ni karajinani. Hiyohiyo karajinani hupatikana katika mwani ambao wanawake wa Paje na Jambiani wamekuwa wakiulima tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wakifunga vipande kwenye kamba maji yanapokupwa. Sehemu kubwa huuzwa nje, na huko hurudi mezani mwa watu ikiwa imechukua kazi ya gelatini katika maziwa mazito, jeli na dawa ya meno.

Je, sasa tumemaliza na bia? Bado kuna chupa. Kwa miaka mingi lebo za karatasi za chupa za bia zimebandikwa kwa gundi ya kaseini, protini ya maziwa ya ng'ombe, kwa sababu haibanduki ndani ya ndoo ya barafu lakini huachia mara moja chupa inapooshwa kwa magadi makali. Kwa chupa zinazorudi kiwandani kwa kreti, kama zetu, hiyo ni sifa kubwa. Kisha kuna machicha. Kimea kilichokwisha kukamuliwa sukari hakitupwi. Wafugaji hupanga foleni na magari yao wakichukue, ng'ombe wale watoe maziwa. Mvegani anayekunywa bia safi isiyo na bondo ameisaidia biashara ya maziwa kwa namna mbili kabla hajafungua kizibo. Nimelisema hili mbele ya watu wenye msimamo mkali wakanuna, lakini halibatilishi msimamo wao. Linaonyesha kwa nini jumuiya yao ilizungumzia kinachowezekana na kutekelezeka.

Wakenya na Watanzania wana kituko chao kuhusu wanyama kwenye bia. Tusker ina ndovu kwenye lebo, na historia ya kampuni husimulia kwamba jina hilo lilikuja baada ya George Hurst, mmoja wa ndugu walioanzisha Kenya Breweries, kuuawa na ndovu mwaka 1923 akiwa mawindoni. Tanzania kuna bia iitwayo Ndovu kabisa. Mnyama unayemwona kwenye chupa hana habari na bia. Wa kuulizia ni yule asiyechorwa.

Ukishazoea kuuliza namna hii, huwezi kuiacha bia peke yake. Sukari nyeupe ya miwa katika baadhi ya viwanda vya Marekani hupitishwa kwenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe ili ing'ae. Mfupa haubaki katika sukari, kama vile bondo lisivyobaki katika bia. Sukari ya viazisukari haihitaji mkaa huo. Viwanda vya miwa vya Afrika Mashariki kwa kawaida husafisha maji ya miwa kwa chokaa, na kwa gesi ya salfa vinapotaka weupe, na sukari guru haifiki hata huko. Rangi nyekundu yenye namba E120 hutengenezwa kwa wadudu wadogo wanaokaushwa na kusagwa, ambao huishi juu ya mpungate na hufugwa zaidi Peru. Mwaka 2012 kampuni ya Starbucks iliiacha baada ya wateja kugundua kuwa ndiyo iliyokuwa ikipendezesha kinywaji chao cha stroberi, ikahamia rangi ya nyanya. Mng'ao wa pipi na wa tufaha za dukani mara nyingi ni utomvu wa mdudu. Unga wa mikate ya viwandani unaweza kulainishwa kwa E920, ambayo hutengenezwa kwa manyoya ya ndege au, siku hizi, kwa uchachushaji. Majarini, ambayo wengi huiona kuwa kinyume cha siagi, ilizaliwa Ufaransa mwaka 1869 kwa mafuta ya ng'ombe, mkemia Hippolyte Mège-Mouriès alipomtafutia Napoleon III mbadala wa bei nafuu. Leo ni ya mawese na mafuta ya mbegu, lakini vitamini D inayoongezwa humo aghalabu hutokana na mafuta ya sufu ya kondoo.

Chipsi zina kesi yake, na ndiyo kesi ninayoipenda kuliko zote kwa sababu ilifika mahakamani. Mwaka 1990 McDonald's ya Marekani iliacha kukaangia mafuta ya ng'ombe, ikatangaza kuwa sasa inatumia mafuta ya mimea. Ilikuwa kweli. Haikutaja kwamba viazi vilikuwa vimetiwa ladha ya nyama ya ng'ombe kabla ya kufika kwenye karai. Wahindu na walaji mboga walikula kwa zaidi ya miaka kumi. Kesi ilifunguliwa Seattle mwaka 2001, na mwaka uliofuata kampuni ikaomba radhi na kukubali kulipa dola milioni 10, nyingi zikienda kwa mashirika ya Wahindu na ya walaji mboga. Kila sentensi katika tangazo lile ilikuwa sahihi. Wateja waliuliza kuhusu chakula, wakajibiwa kuhusu mafuta.

Waislamu wanaosoma sura hii watakuwa wanatabasamu, na wana haki. Bia haiwahusu, lakini mjadala wenyewe ni wao tangu zamani. Mzazi wa Kiislamu dukani Dar es Salaam au Mombasa amezoea kugeuza pakiti ya pipi kutafuta neno gelatini. Na wanazuoni wamekwisha kujadili kwa kina lile tunalobabaika nalo hapa: kitu kikibadilika asili yake, je, hukumu yake inabadilika? Wanaliita istihala. Divai ikigeuka siki yenyewe, siki hiyo ni halali. Kuhusu gelatini wamegawanyika. Wapo wanaosema mfupa umekwisha kuwa kitu kingine, na wapo wanaosema haukubadilika kiasi hicho. Zaidi ya hilo, mtu anayetoa cheti cha halali haishii kwenye lebo. Anauliza kuhusu mashine, mafuta ya kulainishia, na kilichopita kwenye bomba kabla ya chakula hiki. Wavegani wa Ulaya wamechelewa kufika mahali ambapo wakaguzi wa halali wamesimama kwa miaka mingi. Ni mwaka 2021 tu Shirika la Viwango la Kimataifa lilipotoa kiwango chake, ISO 23662, kueleza chakula cha kivegani ni kipi, na humo visaidizi vya uchakataji vinahesabiwa.

Jikoni kwetu hali ni nzuri kuliko tunavyodhani. Makande, maharage ya nazi, mbaazi za nazi, kisamvu cha karanga, viazi vya karai, bhajia za dengu, vitumbua: hakuna mtu aliyevibuni ili awe mvegani, na vinafaulu mtihani wote. Mitego ni ile midogo ambayo mpishi haihesabu. Chapati imepakwa samli. Mandazi yamekandwa kwa maziwa kwa sababu leo kuna wageni. Wali umepikwa kwa mchuzi uliobaki, au maharage yametiwa kidonge cha kuongeza ladha chenye mafuta ya kuku. Ukiuliza mgahawani kama kuna nyama, utaambiwa hakuna, na mhudumu atakuwa anasema kweli kama ile ya tangazo la chipsi. Muulize mpishi mwenyewe ametia nini kwenye sufuria.

Na mtu asifuate mnyororo huu hadi akashindwa kula. Mchicha wa bustani za Dar es Salaam umekuzwa kwa samadi ya kuku. Mahindi mengi ya Usukumani yamelimiwa kwa maksai. Kama kigezo ni kwamba mnyama asiwe ameguswa popote, basi hakuna chakula cha kivegani Afrika Mashariki, wala kwingineko. Mimi ningechora mstari hapa: kinachoingizwa katika chakula chenyewe, kikae au kipite, kinahesabika; kilichokuwa shambani kabla ya mavuno, na gundi iliyo nje ya chupa, hakihesabiki. Kwa mstari huo bia iliyosafishwa kwa bondo si ya kivegani, sukari ya mkaa wa mifupa si ya kivegani, wanzuki si ya kivegani, na mchicha wa samadi ni wa kivegani. Wapo watakaouvuta mstari huu mbele au nyuma. Wauvute, ila wauchore mahali fulani kabla ya kumsuta jirani.

Guinness ilikamilisha kazi yake ya Dublin kufikia mwaka 2018, kwenye mapipa, chupa na makopo. Jibu la Dublin si jibu la Nairobi, kwa kuwa Guinness inywewayo Kenya hupikwa Kenya, na bia yenye jina moja inaweza kusafishwa kwa njia mbili katika nchi mbili. Kwa hiyo ukitaka kujua kuhusu bia yako, au mvinyo, au sukari, iache lebo. Mwandikie mtengenezaji. Usimuulize kama bidhaa yake ina kiambato cha mnyama, maana atakujibu haina, na mtakuwa mmeagana kwa heshima bila kuambiana lolote. Muulize hivi: mnaisafisha kwa kutumia nini, hapa nchini, mwaka huu? Akikujibu kwa jina la kitu, umepata jibu. Akikutumia tena orodha ya viambato, nunua nyingine.